Hongo ya Halali: Ada za Barabara na Haki ya Mitaa ya Eastlands

Neno hongo limeharibika mikononi mwetu. Mwulize mwanafunzi yeyote wa sekondari maana yake, naye atakutajia noti iliyokunjwa ndani ya leseni ya dereva. Lakini katika karne ya 19, misafara ya pwani ilipokuwa ikikata bara kuelekea Tabora na Ujiji, hongo ilikuwa malipo ya wazi wazi. Msafara ulipoingia Ugogo, nchi kame yenye visima vichache, kiongozi wake hakuwa na budi kumtolea mtemi wa mahali hapo vitambaa, shanga na nyaya kabla ya kuruhusiwa kupita na kuteka maji. Mapatano yaliweza kuchukua siku kadhaa. Wasafiri wa Kizungu waliyalalamikia sana katika maandishi yao, na wenye misafara nao hawakuyafurahia. Hata hivyo, hapana aliyeshindwa kuielewa mantiki yake: anayepita huondoka na faida, anayepitiwa hubaki na vumbi na kisima kilichopungua maji, basi mwenye faida na ampoze mwenzake.

Jirani wa neno hilo ni ushuru. Hili asili yake ni Kiarabu, na mzizi wake unahusu sehemu moja ya kumi. Kwetu likaja kuwa jina la malipo yanayokwenda kwa mtawala. Ushuru wa forodha za pwani ulikwenda Unguja kwa Sultani. Kwa hiyo waliotutangulia walikuwa na maneno mawili kwa mambo mawili tofauti. Ushuru ulisafiri mbali, hongo ilibaki pale pale njia ilipopita. Sisi tumelihifadhi neno la kwanza kwa heshima zote, la pili tukawaachia wala rushwa.

Msomaji atauliza: ya Ugogo yanahusiana nini na Nairobi? Yanahusiana sana. Makala haya yananuia kutetea rai moja tu, kwamba katika kila ada inayotozwa magari kwenye barabara za kulipia za Nairobi, fungu maalumu litengwe kisheria kwa ajili ya mitaa inayobeba mzigo wa barabara hizo bila kuzitumia, na kwamba mitaa ya Eastlands iwe ya kwanza kuhesabiwa. Kwa maneno mengine, natetea hongo ile ya zamani irudi ikiwa na risiti.

Barabara ninayoifikiria kwanza ni Nairobi Expressway. Ina urefu wa kilomita 27.1, kutoka Mlolongo hadi Westlands, na sehemu yake imeinuliwa juu ya nguzo. Ilijengwa na kampuni ya China Road and Bridge Corporation kwa mapatano ya ubia baina ya serikali na sekta binafsi, ikafunguliwa kwa majaribio Mei 2022 na kuzinduliwa rasmi Julai mwaka huo huo. Kampuni ya Moja Expressway ndiyo inayoiendesha, na itaendelea kukusanya ada kwa muda wa miaka 27 ili kurudisha gharama na kupata faida. Mwanzoni gari dogo lililipa shilingi 360 kwa safari nzima. Kuanzia Januari 2024 ada hiyo ikapandishwa hadi shilingi 500.

Nimeipanda mara moja tu katika maisha yangu. Ilikuwa siku ya harusi ya jamaa, tukiwa katika gari la kukodi, na tulifika Westlands kabla taarifa ya habari ya redioni haijamalizika. Sitakuwa mnafiki: nilifurahi. Ukiwa kule juu, Nairobi ni mji mwingine. Huoni makanga akining'inia mlangoni, huoni mama aliyetandaza sukumawiki juu ya gunia, wala mkokoteni ulioziba njia. Upande wa mashariki unaona bahari ya mabati na maghorofa yasiyopakwa rangi, ikienea hadi macho yanapochoka. Mle ndimo nilimozaliwa na ndimo ninamoishi hadi leo, Kayole, na ilinichukua nukta chache kukubali kwamba ule mtaa niliokuwa nikiutazama kama picha ulikuwa kwetu.

Siku nyingine zote husafiri kama wasafirivyo wengine. Matatu hutoka Kayole asubuhi, ikapambana na Barabara ya Jogoo, ikatutapika Muthurwa au karibu na hapo, nasi tukamalizia kwa miguu. Wengi hawana hata nauli ya kuanzia. Ukisimama kwenye Barabara ya Lunga Lunga saa kumi na mbili za asubuhi utaona msururu wa watu wakienda Eneo la Viwandani, wanaume kwa wanawake, viatu vya kazi mkononi na ndala miguuni kwa sababu ya tope. Hawa ndio wanaoendesha viwanda vya jiji hili. Kwa muda wa miaka miwili hivi Expressway ilipokuwa ikijengwa, Barabara ya Mombasa iliyoko chini yake ilipasuliwa, njia za miguu zikatoweka, na aliyekuwa akivuka kwa dakika mbili akawa anavuka kwa kubahatisha maisha. Hawakulipwa fidia kwa hilo, na sidhani kuna aliyefikiria kwamba kuna jambo la kufidiwa.

Yapo makubwa kuliko hayo. Novemba 2020 mjadala mkali ulizuka kuhusu mti mkubwa wa mkuyu uliosimama kando ya Waiyaki Way, Westlands, ambao ulikuwa ung'olewe ili kupisha ujenzi. Watunza mazingira walipaza sauti, Rais Uhuru Kenyatta akatoa amri, mti ukanusurika. Nilishangilia, na bado naamini ilikuwa haki. Lakini haukupita mwaka kabla ya matingatinga kuingia Mukuru kwa Njenga. Oktoba 2021 na miezi iliyofuata, maelfu ya wakazi walibomolewa nyumba ili kupisha barabara ya kuunganisha Eneo la Viwandani na Expressway. Mjomba wangu alikuwa miongoni mwao. Alikuwa na chumba kimoja cha mabati, kitanda, jiko na redio. Alifanikiwa kuokoa redio. Sisemi kwamba mti ulistahili kung'olewa. Nasema tu kwamba barabara moja ilipinda kwa ajili ya mti Westlands, na haikupinda kwa ajili ya mtu Mukuru.

Kuna hoja moja ambayo nimeisikia hata kutoka kwa wanafunzi wenzangu, nayo ni kwamba watu wa Eastlands hawalipi ada hiyo, basi wanadai nini? Mwenye kula muwa ndiye mwenye kuutafuna. Hoja hii ina mvuto, lakini imeegemea dhana kwamba maskini hachangii barabara. Tangu mwaka 1993 sheria imeweka tozo ya matengenezo ya barabara juu ya kila lita ya petroli na dizeli. Ada za vizuizi zilizokuwa zikikusanywa katika miaka ya 1980 zilikomeshwa tozo hiyo iliposhika mahali pake. Ilipandishwa kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa lita Julai 2024. Nani analipa? Mwenye matatu huihamishia kwenye nauli, muuza mboga huihamishia kwenye bei ya mboga, na mwisho wa safari yake tozo hiyo humtua mama wa Dandora aliyenunua fungu la nyanya. Halafu mwaka 2025 serikali ikaziweka rehani shilingi 7 kati ya hizo 25 ili kupata fedha za kuwalipa makandarasi madeni yaliyolimbikizana. Mama huyo, basi, amelipia barabara za jana ambazo huenda hajazikanyaga, na ameweka rehani barabara za kesho. Asiambiwe kwamba hachangii.

Tena hadai kupanda bure. Anadai njia ya miguu.

Naam, zitatoka wapi fedha? Nakiri kwamba mkataba wa Expressway umekwisha kutiwa saini, na kampuni iliyokopa ili kujenga haiwezi kuamriwa leo igawe mapato yake kama vile sadaka. Lakini mkataba huo huo umeonyesha kwamba si jiwe. Ada ilipopandishwa mwaka 2024 tulielezwa kwamba shilingi ilikuwa imeporomoka mbele ya dola. Ikiwa kuporomoka kwa shilingi kunaweza kumrudisha dereva kwenye meza ya hesabu, kwa nini kuporomoka kwa njia za miguu kusiweze? Nyongeza ya safari nzima ilikuwa shilingi 140. Sehemu ya kumi ya hiyo ni shilingi 14 kwa gari. Dereva aliyekubali kulipa 500 hangezitambua, na mtaro wa Mukuru ungezitambua sana.

Hata hivyo, macho yangu yako zaidi kwenye barabara zijazo, maana huko ndiko wino haujakauka. Rasimu ya sera ya kitaifa ya ada za barabara iliyotolewa mwaka 2024 iliitaja Barabara Kuu ya Thika miongoni mwa zile zinazoweza kutozwa ada. Hiyo ni barabara ya kilomita 50 hivi iliyokamilika mwaka 2012, na inapita Pangani, ukingoni mwa Mathare, Kasarani na Githurai. Huko hakuna kusema kwamba wakazi wako mbali na njia. Kuna pia barabara ya Rironi hadi Mau Summit, ambayo imepangwa kulipiwa kwa ada na ambayo hazina ya akiba ya wafanyakazi, NSSF, ni mmoja wa wawekezaji wake. Nairobi itazungukwa na vizuizi vya kulipia. Tukinyamaza sasa, mikataba yote itaandikwa kwa mfano wa ule wa kwanza.

Wala siombi jambo geni katika sheria zetu. Sheria ya Madini ya mwaka 2016 inagawa mrabaha hivi: asilimia 70 kwa serikali ya kitaifa, 20 kwa kaunti na 10 kwa jamii ya mahali machimbo yalipo. Sheria ya Petroli ya mwaka 2019 nayo imeitengea jamii ya mahali asilimia 5. Bunge letu, kwa hiyo, limekwisha kuikubali kanuni kwamba anayepitiwa na utajiri apate sehemu yake. Mwanasheria atanisahihisha kwamba barabara si maliasili. Namkubalia, lakini ardhi iliyo chini ya nguzo ni nini? Anga iliyozibwa na zege ni ya nani? Mkazi wa Kwale aliyeishi karibu na machimbo ya titani hadi uchimbaji ulipokoma mwaka 2024 alikuwa na malalamiko ya aina moja na ya mkazi wa Mukuru karibu na nguzo: vumbi, kelele na malori yasiyosimama. Mmoja ametajwa katika sheria, mwingine hatajwi popote.

Kwingine wamekwisha kuliona hilo. Jiji la London lilipoanza kutoza magari yanayoingia katikati ya mji Februari 2003, sheria ilikuwa imekwisha kuamuru kwamba fedha zitakazobaki baada ya gharama zitumike kwa usafiri wa London. San Diego, Marekani, iliruhusu katika miaka ya 1990 madereva walio peke yao garini walipie nafasi katika njia maalumu ya barabara kuu nambari 15, na sehemu ya mapato ikaendesha basi la abiria katika ukanda ule ule. Jirani zetu wa Dar es Salaam wana kisa tofauti kidogo. Daraja la Kigamboni, lililofunguliwa mwaka 2016 na kujengwa kwa sehemu kubwa kwa fedha za NSSF ya huko, lilileta manung'uniko kwa miaka mingi kwa sababu wakazi wenyewe ndio waliolazimika kulipa kila siku, hata serikali ikapunguza tozo mwaka 2022. Kule ugomvi ulikuwa juu ya kiasi. Huku kwetu mlalahoi hatozwi chochote kizuizini, kwa kuwa hafiki hata kizuizini. Ugomvi wetu ni juu ya fedha zinakokwenda.

Sasa nije kwenye matumizi, na hapa naomba nisiharakishwe. Sitaki fungu hilo lijenge barabara nyingine kubwa. Barabara ya Outer Ring ilipopanuliwa katika miaka ya 2010 sote tulipiga makofi, kisha magari yakaanza kwenda kasi kabla madaraja ya wapita njia hayajakamilika, na watu wakawa wanagongwa wakivuka kutoka upande mmoja wa mtaa wao hadi mwingine. Niliwafahamu wawili. Kila barabara pana inayoletwa Eastlands bila kivuko huwa ukuta kwa mwenda kwa miguu. Fungu hili lianze chini, kwenye unyayo: njia ya miguu iliyoinuliwa kutoka kwenye tope, kutoka Pipeline na Tassia hadi milango ya viwanda, mitaro iliyofunikwa, maana mvua ya Aprili na Mei 2024 ilitufundisha Mathare na Mukuru bei ya mtaro ulioziba, taa zinazowaka, ili msichana anayetoka zamu ya usiku asilazimike kungoja mapambazuko ndani ya lango la kiwanda, vituo vya matatu vyenye paa kwenye Barabara ya Jogoo, ambako mvua ikinyesha tunajibanza chini ya mwavuli wa muuza njugu.

Haya si mambo ya anasa. Kaloleni ilijengwa katika miaka ya 1940 na serikali ya kikoloni, iliyokuwa na nia zake na ambayo simsifii mtu yeyote kwayo. Lakini tembea Kaloleni leo, uangalie jinsi nyumba zile za mawe zilivyopangwa kuzunguka viwanja, njia za miguu zikipita kati yake kuelekea ukumbini. Mchoraji yule aliwanyima wakazi wake kura na umiliki, ila alifahamu kwamba wana miguu. Vitongoji vilivyokuja baadaye, vilivyojengwa na sisi wenyewe kwa pupa ya kodi, vimesahau hata hilo.

Swali gumu zaidi ni la nani atazishika fedha hizo. Mtemi wa Ugogo, tukumbuke, alivaa vile vitambaa yeye mwenyewe. Tumekuwa na fedha za maeneobunge tangu mwaka 2003, na kila mkazi wa Eastlands anaweza kukuonyesha darasa zuri lililojengwa kwazo na, hatua chache mbele, bango la mradi uliokufa. Kwa hiyo sipendekezi fungu hili lipitie mikononi mwa mbunge, wala lichanganywe katika kapu la kaunti likapotelee kwenye mishahara. Liwe na akaunti yake kwa kila wadi iliyopakana na barabara ya kulipia. Kiasi kilichopokewa kila mwezi kiandikwe kwenye ubao penye steji, kwa tarakimu kubwa, na matumizi yaamuliwe barazani.

Na barazani huko watazungumza lugha gani? Hapa, wapenzi wa Kiswahili, lawama inatugeukia. Katiba ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Rasimu ile ya sera ya ada niliisoma kwa Kiingereza, Kiingereza kigumu cha wanasheria na wahasibu, na wananchi walitakiwa watoe maoni yao juu yake. Mjomba wangu ana maoni mengi. Nilipomweleza kwa Kiswahili cha kawaida alinyamaza kidogo, akauliza, "Sasa hizo pesa zikishakusanywa, zinalala wapi?" Katika ukurasa wote wa maelezo yangu hapakuwa na jibu la swali hilo, nami ndiye msomi.

Idara zetu zimevuna sana Eastlands. Hakuna kitongoji kilichochunguzwa na wanaisimu wetu kuliko vile ambavyo Sheng ilizaliwa na kukulia. Tumekwenda Kaloleni, Buruburu na Kariobangi na vinasa sauti, tumerudi na msamiati, tumepata shahada. Mimi mwenyewe nimo katika orodha hiyo. Sijasikia bado kwamba chama chochote cha wanafunzi wa Kiswahili kimeketi kuitafsiri sera ya barabara kwa ajili ya watu waliotupa msamiati huo. Istilahi tunazo. Ada, tozo, ushuru, mrabaha, fungu, mbia, mkandarasi: hakuna hata moja inayomshinda mkazi wa Dandora. Kazi ya majuma mawili ya likizo ingetosha kutoa nakala ya kurasa chache inayosomeka, ikapelekwa kwa machifu, makanisani, misikitini na kwenye vituo vya bodaboda. Napendekeza chama hiki kiwe cha kwanza, na jina langu liandikwe katika kamati.

Jumapili iliyopita nilikwenda kumwona mjomba. Amepanga chumba kingine si mbali na alikobomolewa. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, na mtaro ulioko mbele ya plotì yao ulikuwa umefurika hadi njiani. Vijana wanne walikuwa wamelaza mbao mbili juu yake, wamesimama mwishoni, wakitoza shilingi kumi kwa kila anayevuka. Watoto waliovaa nguo za kanisani walipita bure. Nikamuuliza mmoja wao wanazifanyia nini fedha hizo. Akanionyesha ubao wa tatu, mpya, ulioegemezwa ukutani ukingoja misumari.